Vizibo au vifuniko? Kuchagua kinga ya masikio kwa mlenga shabaha

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mfanyabiashara hapa Malindi. Nina leseni ya bastola ya milimita 9, na tangu mwaka jana mimi na binti yangu mwenye umri wa miaka 24 tumekuwa tukienda kulenga shabaha, mara nyingine katika uwanja wa wazi na mara nyingine katika ukumbi uliofungwa. Yeye hutumia bunduki ndogo ya .22 ya kilabu. Mimi huvaa miwani, naye huvaa mtandio. Dukani nimeonyeshwa vizibo vya sponji vya bei rahisi vilivyoandikwa NRR 33, na vifuniko vya kielektroniki vya bei kubwa vilivyoandikwa NRR 22. Ajabu ni kwamba cha rahisi ndicho chenye nambari kubwa. Rafiki yangu naye asema kwa .22 pamba yatosha. Nichukue kipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe: chukua vyote viwili. Vaeni vizibo vya sponji ndani ya masikio na vifuniko juu yake, wewe na binti yako, kila mnapokuwa ndani ya ukumbi na kila mtu aliye karibu nanyi anapofyatua bastola au bunduki kubwa. Pamba iachieni kazi yake ya kusafishia vidonda. Ikiwa mfuko hauruhusu kununua vyote kwa sasa, anza na vizibo vya sponji pamoja na vifuniko vya kawaida visivyo na betri, kwa kuwa viwili hivyo vikivaliwa pamoja hulinda kuliko kifuniko kimoja cha kielektroniki kilichomaliza fedha zote. Yaliyobaki ni sababu na namna ya kuvaa, na katika hilo la pili ninaomba uvumilivu wako zaidi, kwa sababu si wachache waliokuja kupimwa usikivu masikio yakiwa yameharibiwa na milio ya silaha, na ukiwauliza, kinga walikuwa nayo; ila haikuwa imekaa.

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki huwapotosha wengi kwa kuwa hakipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa imekuwa maradufu, na kila zinapoongezeka 20, msukumo wa hewa unaolipiga sikio huwa umeongezeka mara kumi. Mlio wa bastola ya milimita 9 kama yako, ukipimwa karibu na sikio la mpigaji, hufika kilele cha desibeli 155 hadi 160 na wakati mwingine huzidi. Bunduki ya marisau haiko mbali na hapo, na bunduki kubwa za risasi za kasi hupita 160. Kikomo kinachotajwa na wataalamu wengi kwa mtu mzima ni kilele cha desibeli 140, na ndicho kilichoandikwa pia katika kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele mahali pa kazi. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani hutaja 120, kwa hiyo msimchukue mtoto mdogo kuwa mtazamaji, hata akiketi nyuma kabisa. Tofauti ya 140 na 160 huonekana ndogo ikiandikwa, lakini ni msukumo mara kumi na nishati mara mia.

Kinachoharibika ni koklea, kiungo cha ndani ya sikio kilicho nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu, ambamo zimepangwa safu za seli zenye vinyweleo vidogo mno. Seli hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya kupelekwa kwenye ubongo, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Mwili una ulinzi wake wa asili, msuli mdogo unaokaza vifupa sauti kubwa inapoingia, lakini msuli huo huchukua makumi ya milisekunde kuitikia, ilhali kilele cha mlio wa bastola hupita ndani ya milisekunde chache. Ukishtuka, sikio limekwisha kupigwa. Madhara huanza katika masafa ya hezi 3000 hadi 6000, hasa karibu na 4000, ambako ndiko ziliko sauti kama s, f na sh, na ndiyo maana aliyeathirika huapa kwamba anasikia vizuri. Kweli anasikia, asichoweza ni kupambanua maneno, hasa akiwa barazani watu wanapozungumza kwa pamoja, naye huwalaumu vijana kwamba siku hizi hawasemi wazi.

Sasa hiyo .22. Rafiki yako hakukosea kwamba mlio wake ni mdogo kuliko wa bastola yako, kwa sababu bunduki ya .22 yenye mtutu mrefu hukaribia ule ule mstari wa 140, wakati mwingine chini yake kidogo. Lakini hapo ndipo hoja yake inapokoma. Risasi hiyo hiyo ikifyatuliwa kwa bastola ya mtutu mfupi hufika karibu 150, kwa sababu gesi hutoka ikiwa bado na nguvu na mdomo wa mtutu uko karibu zaidi na uso. Isitoshe, binti yako hayuko peke yake kwenye mstari. Jirani yake akiwa na bunduki kubwa yenye matundu ya kutolea gesi kwenye mdomo wa mtutu, mlipuko huelekezwa pembeni, yaani kwake, na ndani ya ukumbi kuta na dari huurudisha tena. Kinga huchaguliwa kwa kuangalia silaha yenye mlio mkubwa kuliko zote zilizo karibu, si ile uliyoshika mwenyewe. Na pamba kavu haifikishi hata desibeli kumi za kinga. Wapo pia, na nimewaona kwa macho yangu, wanaochomeka maganda matupu ya risasi masikioni. Ganda huacha mwanya pembeni, hukwaruza ngozi ya tundu la sikio, na likizama ndani hutolewa na daktari.

Tuje kwenye nambari zilizokutatiza. NRR ni kipimo kinachotumika Marekani kuonyesha kinga hupunguza desibeli ngapi. Bidhaa za Ulaya huandikwa SNR, na mara nyingi kifaa kile kile hupata SNR kubwa kidogo kuliko NRR yake, kwa hiyo usilinganishe nambari za mizani hizo mbili kana kwamba ni moja. Nambari hiyo hupatikana maabara, katika chumba kimya, kwa watu waliovalishwa kinga kwa uangalifu mkubwa, wakisikilizishwa sauti hafifu na za taratibu. Mlipuko wa bunduki haumo katika jaribio hilo, wala jasho, wala haraka ya mtu aliyechelewa kufika uwanjani. Kwa kulijua hilo, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliwahi kushauri nambari ipunguzwe: kwa vifuniko uondoe robo, na kwa vizibo vya sponji uondoe nusu. Fanya hesabu hiyo kwa bidhaa zako mbili. Nusu ya 33 ni 16.5. Robo tatu ya 22 ni 16.5. Vile vilivyoonekana kupishana kwa mbali dukani vimekuwa sawasawa, na sababu ni moja tu, kwamba kifuniko ni rahisi kukivaa sawa kuliko kizibo. Mtu aliyefundishwa kuvaa kizibo huikaribia ile nambari ya pakiti. Asiyefundishwa anaweza kuwa na kizibo cha 33 kinachomkinga kama cha 5.

Ukiondoa hizo 16 kutoka kwa mlio wa 160, kwa hesabu ya makadirio tu, unabaki juu ya 140. Ndiyo sababu ninasema viwili. Lakini usitarajie 33 na 22 zikupe 55. Kuvaa kizibo na kifuniko kwa pamoja huongeza desibeli 5 hadi 10 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi, na hata ungeziba masikio kwa zege, kuna mpaka wa desibeli 40 hadi 50 hivi ambao hauvukiki, kwa kuwa baada ya hapo sauti hupitia kwenye mifupa ya fuvu. Kwa risasi moja, nyongeza ya 5 hadi 10 ndiyo inayokuvusha upande wa salama. Faida ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza, ni kwamba kimoja kikilegea bila wewe kujua, cha pili bado kipo.

Kizibo cha sponji huvaliwa hivi, na ninakuomba ujaribu nyumbani kwanza mbele ya kioo. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa ncha za vidole mpaka kiwe chembamba na laini, bila mkunjo wala kona, maana mkunjo mmoja ni njia ya sauti. Halafu pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, ushike sikio kwa juu, ulivute juu na nyuma. Tundu la sikio lina kona, na kulivuta huinyoosha. Ingiza kizibo upesi huku umelivuta sikio, kisha kizuie kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kifumke. Joto la Malindi hufanya sponji ifumke haraka kuliko inavyofumka katika nchi za baridi, kwa hiyo usisokote kisha ukaanza mazungumzo. Ukijitazama kiooni uso kwa uso, kizibo kisionekane kimechomoza nje; kikionekana, kitoe uanze upya. Kisha sema neno kwa sauti ya kawaida: sauti yako inapaswa kuvuma kichwani. Mwisho, funika masikio kwa viganja viwili kwa nguvu huku kuna kelele nje, tuseme ya jenereta au ya bodaboda inayopita; kelele ikipungua sana kwa viganja, vizibo havikukaa, na ikibaki karibu ilivyokuwa, vimekaa.

Kwa binti yako kuna jambo la ziada kuhusu ukubwa. Vizibo vingi vya NRR 33 ni vinene, na matundu ya masikio ya wanawake wengi ni membamba kuliko ya wanaume, hivyo hujikuta wamekiingiza nusu na nusu imebaki nje. Muuzaji amtafutie vya ukubwa mdogo, hata vikiwa na nambari ya chini. Kizibo cha 29 kilichoingia chote kinakinga kuliko cha 33 kilichoning'inia.

Vifuniko huvuja pale mto wake usipogusa ngozi pande zote, na uvujaji ni kama wa jahazi: hauhitaji tundu kubwa. Mikono ya miwani yako hupita hasa pale mto unapotakiwa kukaza. Miwani huwezi kuivua, kwa kuwa macho nayo yanahitaji kinga dhidi ya maganda ya moto na vipande vya risasi vinavyoruka, kwa hiyo tafuta ya kulengea shabaha yenye mikono bapa na myembamba, na uchague vifuniko vyenye mito ya jeli badala ya sponji ngumu, maana jeli huuzunguka mkono wa miwani na kuziba. Hata hivyo uvujaji kidogo utabaki, na kizibo kilicho chini ndicho kitakachoufidia. Ukivaa kofia ya kiua hakuna neno. Hukaa juu ya masikio na tao la vifuniko hupita juu yake.

Mtandio ni suala jingine, na wasichana wengi huona haya kuliuliza mbele ya wakufunzi wanaume. Kitambaa chini ya mto, hata kiwe chepesi namna gani, huacha mianya katika kila kunjo. Njia iliyo rahisi zaidi ni hii: avae vizibo kwanza, halafu vifuniko moja kwa moja juu ya ngozi, halafu mtandio juu ya vyote, ufungwe kwa ulegevu kidogo. Vifuniko vyembamba vyenye tao linalopita nyuma ya shingo huwa na nafuu, kwa sababu mtandio haufanyi nundu utosini. Akiwa na kofia ya ndani inayoshika nywele, airudishe nyuma ya masikio. Pini zisiwe karibu na mto, na herini avue kabla ya kutoka nyumbani, hasa zile za duara, kwa kuwa humuumiza na kuuinua mto kwa pamoja. Kwa vifuniko vya kielektroniki, kitambaa juu ya maikrofoni hupunguza sauti kidogo na kukwaruza kwa upepo, lakini hakipunguzi kinga.

Je, betri zina faida gani basi? Watu hudhani kwamba umeme ndio unaoizuia sauti, kumbe kinachozuia ni kikombe na mto wake, na betri zikiisha kinga inabaki ile ile. Kazi ya umeme ni kukurudishia sauti ndogo: maikrofoni za nje huchukua mazungumzo na kuyapitisha kwenye spika za ndani, na mlio mkubwa unapotokea kifaa hubana au hukata sauti yake ili kisipitishe zaidi ya desibeli 82 hadi 85 hivi. Vile vinavyobana ni bora kuliko vinavyokata kabisa, maana uwanja ukiwa na shughuli nyingi kinachokata hukuacha bila kusikia lolote baina ya risasi na risasi. Faida hiyo si anasa. Msimamizi wa uwanja akipaza sauti kwamba acheni kufyatua, asiyesikia ni hatari kwa wote, na asiyesikia kwa kawaida huinua kikombe kimoja ili aulize, na papo hapo jirani anafyatua. Nimekutana na masikio yaliyoharibika kwa namna hiyo hiyo. Ukivaa vizibo chini ya vifuniko vya kielektroniki, ongeza sauti ya kifaa mpaka amri zisikike kupitia sponji. Ndiyo maana mpangilio huu ninaupenda kuliko mwingine wowote. Vile visikilizio vya muziki vinavyotangazwa kwamba vinafuta kelele msivitegemee kabisa. Vilitengenezewa mngurumo wa ndege na mabasi, si mlipuko.

Vizibo vyenye kitundu kidogo cha kupitisha mazungumzo, ambavyo huanza kuzuia sauti inapokuwa kubwa, vinafaa mtu anayefyatua risasi chache katika uwanja wa wazi. Ukumbini visivaliwe peke yake. Vya kuchongewa kwa umbo la sikio ni vizuri kwa anayechoka na sponji, ila ubora wake ni ubora wa fundi aliyechukua umbo hilo.

Hali ya hewa yetu hula vifaa hivi. Jasho na chumvi hukausha mito ikapasuka, na mto uliopasuka au uliobonyea ubadilishwe. Kwa mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara, ubadilishe kati ya miezi sita na mwaka. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kila unaporudi, na usiviache vifuniko ndani ya gari lililoegeshwa juani. Betri zitoe kama hutakwenda uwanjani kwa wiki kadhaa, kwani zikivuja humaliza kifaa. Vizibo vya sponji havioshwi, vikichafuka vitupwe. Jambo linalosahaulika sana ni risasi yenyewe: kufyatua huacha vumbi la madini ya risasi kwenye vidole, nalo ni sumu, kwa hiyo usivue kizibo katikati ya mazoezi ukakisokota tena kwa mikono ile ile. Toka nje, nawa kwa sabuni, chukua kipya. Na ikiwa mmoja wenu ana sikio linalotoa usaha au linalowasha, kama linavyowapata waogeleaji wengi hapa kwetu, asitie kizibo mpaka daktari aliangalie, na ukumbini asiingie kwa muda huo.

Kabla ya kuendelea na mchezo huu, nendeni mkapimwe usikivu nyote wawili, na mhifadhi karatasi za majibu. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua baadaye kama umepoteza kitu au ulizaliwa hivyo. Kwa wapigaji wa bunduki ndefu wanaotumia mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo hutangulia kuharibika, kwa kuwa ndilo lililo karibu na mdomo wa mtutu huku la kulia likikingwa na kichwa na bega. Mwambie mpimaji binti yako hutumia mkono gani. Kwa bastola iliyonyooshwa mbele masikio hupigwa karibu sawa.

Masikio yakivuma au yakilia baada ya mazoezi, ama yakahisi kuzibwa, kinga haikutosha siku hiyo hata kama mvumo umekoma kabla ya kulala; chunguzeni ni wapi palipovuja kabla ya kurudi. Mvumo ukiendelea hadi siku ya pili, au sikio moja likipoteza usikivu kwa ghafla, usijitie matone ya dukani wala usingoje wiki. Tafuta daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo au kesho yake, hata ikibidi kushuka Mombasa, kwa sababu dawa zinazoweza kusaidia hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku chache za mwanzo. Mweleze ni silaha gani, ilifyatuliwa lini, ndani au nje, upande upi wa kichwa, na ulikuwa umevaa nini.